Saa ya Taa za Nje na Namna ya Kuipanga Katika Laini Zetu



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi juu ya saa ya taa, ambayo mafundi huiita taima. Wengine wameiona katika laini za mashamba ya jirani, wengine wameinunua dukani kwa ajili ya taa ya mlangoni kwao, na wengine wamefungiwa na uongozi wa shamba bila kuelezwa lolote. Maswali ni yale yale. Inafanyaje kazi? Mbona inawasha taa wakati usiofaa? Je, ni kweli inapunguza gharama ya umeme, au ni njia nyingine tu ya kutuacha gizani? Tumeonelea tueleze hapa kwa kirefu, maana sisi wenyewe tulijifunza kwa kukosea.

Habari yenyewe ilianzia katika shamba moja la chai huku magharibi ya Uganda, kwenye laini yenye vyumba 12. Taa za nje ni nane. Sita zimefungwa chini ya paa na kando ya njia iendayo kiwandani, moja iko bombani na moja iko chooni. Swichi ilikuwa moja, nayo ilikuwa ndani ya stoo, na ufunguo wa stoo alikaa nao karani. Karani aliwasha taa saa 11 jioni alipokuwa akienda zake nyumbani, jua likiwa bado linawaka, na kuzizima asubuhi saa 3 kama alikumbuka. Akiwasha Jumamosi, taa ziliwaka mpaka Jumatatu. Mwisho wa mwezi uongozi ulilalamika kwamba wafanyakazi wanakula umeme, ingawa hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekuwa na ufunguo.

Basi ikatoka amri taa zizimwe saa 4 usiku. Anayejua kazi ya chai ataona kosa mara moja. Jani lililochumwa mchana haliwezi kungoja kwa starehe mpaka kesho. Likishanyaushwa lazima lisagwe, liachwe libadilike rangi, kisha likaushwe, na kwa hiyo kiwanda hufanya kazi usiku. Zamu ya jioni hapo hutoka saa 5. Wenzetu wakawa wanatoka kwenye mwanga wa kiwanda na kuingia laini yenye giza totoro. Haikupita miezi miwili, mama mmoja wa chumba cha kuchambua chai akatumbukia katika mtaro wa maji ya mvua ulio kati ya bomba na choo, akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa wiki nyingi bila kushika kazi. Uongozi ulisema hakuumia kazini. Shauri hilo lina mwendo wake na hatutaliingilia hapa. La leo ni taa.

Tulipokwenda kuonana na uongozi, mazungumzo yalianza vibaya. Wao walisema taa zikiwaka usiku kucha ni hasara. Sisi tulisema taa zikizimwa saa 4, hasara hubebwa na mifupa ya watu. Fundi wa umeme wa kiwandani, aliyekuwa ameitwa kwa jambo jingine kabisa, ndiye aliyesema kwamba ugomvi wetu ungeweza kupunguzwa na chombo kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Chombo kikanunuliwa, kikafungwa, na kamati ya tawi tukapewa kazi ya kukipanga.

Chombo chenyewe

Saa ya taa ni swichi iliyounganishwa na saa. Badala ya mtu kwenda kuwasha na kuzima kwa mkono, ndani ya chombo mna saa inayohesabu muda, na muda ukifika inaunganisha umeme au kuukata. Unaipangia mara moja: washa saa fulani, zima saa fulani. Baada ya hapo hurudia kila siku, haisahau Jumamosi, wala haihitaji ufunguo wa karani.

Ziko aina mbili zinazopatikana sana. Ya kwanza ni ya gurudumu. Ina duara lenye alama za saa 24, na kuzunguka ukingo wake kuna vijino vidogo. Katika nyingi kila kijino ni dakika 15, kwa hiyo jumla yake ni vijino 96. Vijino unavyobonyeza chini ndio muda wa taa kuwaka. Hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuitumia, na bei yake si kubwa. Lakini ina ugonjwa mmoja: gurudumu lake huzungushwa na umeme ule ule unaowasha taa. Umeme ukikatika kwa masaa mawili, gurudumu nalo husimama masaa mawili. Umeme ukirudi, linaendelea pale pale liliposimama, na tangu siku hiyo taa zako zitachelewa masaa mawili kuwaka na masaa mawili kuzimika, mpaka mtu alisahihishe. Umeme ukikatika mara tatu nne kwa wiki, usishangae kukuta taa zinawaka mchana. Zipo saa za gurudumu zenye betri ya akiba. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Ya pili ni ya tarakimu, yenye kioo kidogo na vitufe. Hii ina betri ndogo ndani. Umeme ukikatika taa hazitawaka, kwa kuwa umeme haupo, lakini saa haipotei, na umeme ukirudi taa zitafuata mpango wake kama kawaida. Tena inajua siku za wiki, na nyingi zina nafasi 16 au zaidi za kupanga kuwasha na kuzima. Kwa laini zetu, ambako wingu likijikusanya tu umeme huondoka, tunashauri hii ya pili, japo mtu atahitaji kuketi nayo kwanza ili aizoee.

Saa ya Kiswahili na saa ya chombo

Hapa ndipo tulipoanguka. Jioni ile ya kwanza tulikuwa watu watano mbele ya kioo kimoja. Tulikuwa tumekubaliana taa ziwake saa 1 usiku na zizimike saa 12 asubuhi. Tukabonyeza 1:00 ya kuwasha na 12:00 ya kuzima, tukafunga sanduku, tukapeana mikono.

Saa 1 usiku ikafika, giza. Saa 2, giza. Zamu ya jioni ikarudi baada ya saa 5 gizani, na maneno tuliyoambiwa usiku ule hayafai kuandikwa katika gazeti la chama. Ilipofika saa 7 usiku, watu wamelala, taa zote nane zikawaka kwa pamoja, na majogoo wa laini wakaanza kuwika wakidhani kumekucha. Zikaendelea kuwaka mpaka saa 6 mchana. Nyapara akasema chombo ni kibovu kirudishwe dukani. Hakikuwa kibovu. Kilifanya sawasawa na tulivyokipangia.

Sisi huanza kuhesabu saa kunapokucha, na tunaanza tena moja kunapokuchwa. Chombo huanza kuhesabu usiku wa manane, na huendelea mpaka 23 na dakika 59 bila kurudi moja. Kwa hiyo kila saa yetu lazima igeuzwe kabla ya kuiandika. Kanuni tuliyoitunga ni hii, nayo tumeibandika ndani ya mlango wa sanduku.

Kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 1 asubuhi inakuwa 7:00, saa 6 mchana inakuwa 12:00, saa 12 jioni inakuwa 18:00. Kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku, ongeza 18. Saa 1 usiku inakuwa 19:00, saa 4 usiku inakuwa 22:00, saa 5 usiku inakuwa 23:00. Saa 6 usiku chombo huandika 0:00. Kuanzia saa 7 usiku mpaka saa 12 asubuhi, toa 6. Saa 7 usiku inakuwa 1:00, saa 11 alfajiri inakuwa 5:00, saa 12 asubuhi inakuwa 6:00. Kama chombo chako ni cha AM na PM, basi saa 1 usiku ni 7:00 PM na saa 11 alfajiri ni 5:00 AM. Hakikisha herufi hizo zimetokea kwenye kioo.

Kuna jambo dogo linalofuatana na hilo. Kwa chombo, siku hubadilika saa 6 usiku. Mtu akisema taa ziwake "Jumamosi saa 8 usiku" baada ya ngoma, kwa chombo hiyo ni Jumapili, 2:00. Sisi husema usiku wa kuamkia Jumapili, nasi ndio tuko sawa na chombo. Asemaye usiku wa Jumamosi ataamka akute taa zimewaka siku isiyo yake.

Na wenzetu wanaotoka Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo wakumbuke kwamba saa za kwao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Chombo kilichopangwa huko kikifungwa hapa kitachelewa kwa saa nzima, mpaka saa yake isogezwe mbele.

Jua la kwetu

Karatasi za maelezo zinazokuja na vyombo hivi nyingi zimeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali, nazo husema ubadilishe saa za taa kila msimu. Kwao ni lazima. Pale London mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, na mwezi wa Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na mchana wetu hauongezeki wala haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni kwamba jua lenyewe hutangulia au kuchelewa kidogo kwa mwaka, kama nusu saa hivi.

Kwa Fort Portal na mashamba ya karibu, jua huwahi kuzama mapema kuliko siku zote mwanzoni mwa Novemba, kiasi cha saa 12 na dakika 45 jioni, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, kiasi cha saa 1 na robo usiku. Asubuhi ni hivyo hivyo: mwanzoni mwa Novemba huchomoza kiasi cha saa 12 na dakika 40, na katikati ya Februari kiasi cha saa 1 na dakika 10. Kadiri unavyokwenda mashariki jua hutangulia. Wenzetu wa mashamba ya miwa ya upande wa Jinja wako mbele yetu kwa dakika zaidi ya kumi, na walio mpakani Malaba kwa robo saa.

Sasa mtaona kosa la pili katika mpango wetu wa kwanza. Hata kama tungegeuza saa vizuri, kuzima taa saa 12 asubuhi kungewaacha wachumaji gizani. Huku magharibi saa 12 asubuhi bado ni usiku, na wachumaji huwa wameamka tangu saa 11, wanateka maji, wanapika uji wa watoto, na saa 12 na nusu wako njiani na vikapu. Mama anayelipwa kwa kilo hawezi kungoja kupambazuke. Tulisogeza kuzima mpaka 7:00, na kuwasha tukaweka 19:00, mwaka mzima. Mwezi wa Februari taa huwaka robo saa kabla ya jua kuzama. Hasara hiyo ni ndogo kuliko taabu ya kumtafuta mtu wa kubadilisha kila miezi mitatu.

Wapo wanaotuuliza juu ya jicho la mwanga, kile kifaa kinachowasha taa chenyewe giza likiingia. Ni kizuri na hakihitaji kujua saa. Lakini huacha taa zote ziwake usiku kucha, na kikishikwa na vumbi au kikifunikwa na majani huona giza mchana.

Hesabu ya umeme

Uongozi ulitaka kuona tarakimu, nasi tukaenda nazo. Mfanyakazi yeyote anaweza kufanya hesabu hii. Chukua wati za balbu, zidisha kwa idadi ya balbu, zidisha kwa masaa ya kuwaka, kisha gawanya kwa 1,000. Unapata yuniti, zile zile zinazosomwa kwenye mita.

Balbu zetu ni za LED, wati 9 kila moja. Nane ni wati 72. Zikiachwa kuwaka mchana na usiku, kama zile Jumapili za karani, kwa mwezi wa siku 30 zinakula yuniti 51.84. Zikiwaka kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 1 asubuhi, masaa 12, zinakula yuniti 25.92. Nusu nzima imeokolewa, na hakuna mtu aliyekaa gizani hata dakika moja. Kwa wale ambao bado wana balbu za zamani za wati 60, nane kwa masaa 12 zinakula yuniti 172.8 kwa mwezi. Hao waanze na kubadilisha balbu kabla ya kufikiria saa.

Uongozi ulikubali hesabu hiyo, lakini ukataka zaidi. Ukasema taa zote zizimike saa 5 usiku, maana zamu ndiyo imetoka, na ziwake tena saa 11 alfajiri. Hapo tulikaa mezani siku mbili. Kwanza, zamu kutoka saa 5 si kufika nyumbani saa 5. Mtu anaacha mashine saa 5, anakabidhi, ananawa, anatembea. Wa mwisho hufika laini karibu na saa 6. Tukakubaliana saa 6. Pili, palikuwa na suala la choo. Katika vyumba 12 wamo watoto, wamo wajawazito, wamo wazee. Hao hawaendi chooni kwa mujibu wa zamu.

Tuligawa taa katika mafungu mawili. Sita za mbele na za njiani ziwake 19:00 mpaka 0:00, na tena 5:00 mpaka 7:00. Mbili, ya bombani na ya chooni, ziwake usiku kucha. Tukahesabu. Kama zote nane zingefuata mpango wa masaa saba, zingekula yuniti 15.12 kwa mwezi. Kwa mafungu mawili, zile sita zinakula 11.34 na zile mbili 6.48, jumla 17.82. Tofauti ni yuniti 2.7 kwa mwezi. Tukaiandika tarakimu hiyo kwenye karatasi, tukaisogeza mbele ya meneja, tukamwomba aizidishe kwa bei iliyo kwenye risiti yake na aigawe kwa vyumba 12. Alizidisha. Hakugawa. Alisema basi, taa ya choo ibaki.

Tunaeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu katika mashamba mengine wenzetu wameambiwa kwamba taa ya choo ni gharama isiyobebeka, na hakuna aliyeleta kalamu.

Ikumbukwe kwamba saa moja ndogo huongoza fungu moja tu. Ilibidi fundi atenganishe waya na kufunga saa mbili. Saa zenyewe hula umeme kidogo, kiasi cha wati moja au mbili kila moja, hata kama taa zimezimika.

Namna ya kupanga

Majina ya vitufe hutofautiana kidogo, lakini mwendo ni mmoja. Kabla ya yote, acha chombo kwenye umeme kwa masaa kadhaa ili betri yake ipate nguvu, hasa kama kilikaa dukani muda mrefu. Kisha weka saa ya leo: shikilia kitufe cha CLOCK, au chenye picha ya saa, na huku umekishikilia bonyeza kitufe cha siku, cha saa na cha dakika mpaka vilingane na saa ya redio. Siku kwenye kioo huandikwa kwa herufi mbili za Kiingereza. MO ni Jumatatu na SU ni Jumapili.

Kisha bonyeza kitufe cha P au PROG. Kioo kitaonyesha 1 ON. Weka saa ya kuwasha, na chagua siku zote saba ziwe pamoja. Kitufe cha siku ukikibonyeza mara kadhaa kitapitia mafungu mbalimbali ya siku. Bonyeza tena P, itatokea 1 OFF, weka saa ya kuzima. Ukiendelea inakuja 2 ON na 2 OFF, na kadhalika. Kila ON lazima iwe na OFF yake. Nafasi usizotumia ziwe na vistari vitupu. Tarakimu iliyosahauliwa katika nafasi ya saba inaweza kuzima taa zako saa 8 usiku, na mtamlaumu mchawi bure. Ukimaliza bonyeza CLOCK kurudi kwenye saa.

Sasa mtego ambao umewanasa wengi. Kuna kitufe cha MANUAL, ambacho huhamisha alama kwenye kioo kati ya ON, AUTO na OFF. Alama ikiwa ON, taa zitawaka moja kwa moja bila kujali mpango. Ikiwa OFF, hazitawaka kabisa. Ni kwenye AUTO tu ndipo mpango hufuatwa. Tena, ukipanga chombo saa 2 usiku na muda wa kuwasha ulikuwa saa 1, saa nyingi hazitawasha taa usiku huo, kwa sababu muda ule umeshapita, zitangoja kesho. Ukitaka ziwake leo, peleka alama kwenye ON kwanza, kisha kwenye AUTO. Taa zitabaki zinawaka, na zitazimika muda wa kuzima utakapofika.

Mwezi wa tatu tangu saa kufungwa, laini yetu ilikaa gizani usiku mbili mfululizo. Watu walisema betri, wengine balbu. Tulipofungua sanduku tukakuta alama iko kwenye OFF. Chombo hakikujipeleka kwenye OFF chenyewe. Hatukumpata aliyefanya hivyo, na hatumtaji mtu. Lakini tangu siku hiyo sanduku lina kufuli, na saa za kuwasha na kuzima zimeandikwa katika kumbukumbu za mkutano wa chama na uongozi, zikatiwa sahihi na pande mbili. Mpango hubadilishwa na mkutano ule ule uliouweka. Tunashauri matawi yote yafanye hivyo kabla chombo hakijafungwa, kwa sababu aliye na kidole kwenye kitufe ndiye mwenye taa, na kidole ni rahisi kukificha kuliko ufunguo wa stoo.

Tahadhari

Kazi ya kufunga ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, si na jirani mwenye bisibisi. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla sanduku halijafunguliwa. Saa hukatiza waya wa moto, wala si waya wa kurudi. Ikifungwa kinyume, taa itazimika lakini kishikio cha balbu kitabaki na umeme, na anayebadilisha balbu akiwa amesimama juu ya sufuria iliyopinduliwa, kama tulivyozoea, atarushwa. Saa iwe ndani ya nyumba au ndani ya sanduku lisiloingiza maji.

Saa nyingi za tarakimu zimeandikwa ampea 16. Balbu zetu nane hazifiki hata nusu ampea, kwa hiyo kwa laini moja hakuna shida. Lakini taa za LED huvuta umeme kwa nguvu sana katika punje ya kwanza ya kuwaka, na shamba likitaka saa moja iongoze taa kubwa za laini zote, fundi aweke kontakta kati ya saa na taa. La sivyo ndani ya saa vyuma vitashikana kwa joto, na taa hazitazimika tena.

Kwa mwenzetu aliyepanga chumba mjini na ana taa moja ya mlangoni, hayo yote ni mepesi zaidi. Saa ya kuchomeka kwenye soketi humtosha, mradi soketi iko ndani na taa ina waya wa kufika hapo. Asichomeke pasi wala jiko kwenye saa hiyo. Wanaoshirikiana mita moja ya yaka wapatane kwanza nani analipia taa ya uani, maana saa haitaamua hilo. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme umetoka mikononi mwa Umeme na kwenda UEDCL, lakini hesabu ya yuniti tuliyoeleza haikubadilika.

Kila mwezi linganisha saa ya chombo na ya redio, kwa kuwa huweza kupotea dakika moja au mbili. Umeme ukikatika na kurudi, kisha ukakuta kioo kimerudi 0:00, ujue betri ya ndani imekufa.

Katika laini yetu kazi hiyo ya kila mwezi ina watu wawili. Kufuli lina funguo mbili. Mmoja anao askari wa zamu kwa niaba ya uongozi. Wa pili anao yule mama wa chumba cha kuchambua, ambaye amerudi kazini ingawa kifundo chake humuuma wakati wa baridi. Wanachama walimchagua kwa kura za mikono, naye amejifunza vitufe vyote kuliko sisi kamati.

Tawi lolote lenye saa iliyoshindikana kupangwa liilete pamoja na karatasi yake ya maelezo siku ya mkutano wa wilaya. Tutaketi nayo kabla ya ajenda kuanza.